Tachipadi Haikuchukii, Hujaiseti Tu

Wasee, leo sichambui simu. Najua mnangoja ile video, iko njiani. Leo nataka tuongee kuhusu kile kimraba kiko chini ya kibodi ya laptopu yako, kile unapapasa kutwa nzima na hujawahi kukiuliza swali hata moja. Tachipadi. Ndio, posti nzima ya tachipadi. Kaa hapo.

Mwezi uliopita Mama alikuwa anajaza fomu ya basari ya mdogo wangu. Ni ya mtandaoni, kurasa nne, na mwisho wa kutuma ni saa sita usiku. Miaka mingine angeenda saiba, alipe, akae kwa stuli akimtajia kijana wa saiba namba ya kitambulisho, mapato yake na shida zake zote, huku foleni nyuma inasikiliza bure. Mwaka huu nikamwambia, Mama, laptopu iko hapa nyumbani, jaza mwenyewe. Nikamfungulia ukurasa, nikatoka kuchota maji kabla tanki ya ploti iishe. Nilikuwa najiona mwana mwema sana.

Sasa, mikono ya Mama. Amepika chapati na mandazi hapa Tuala tangu niko darasa la tatu. Vidole vyake vimekaushwa na unga, moto na sabuni ya kipande. Akigusa tachipadi, hakuna kitu. Akigusa tena kwa nguvu, bado. Akigusa mara ya tatu, inashika mara mbili na kufungua kitu hajaomba. Akaona heri atumie vidole viwili, labda mashine itamsikia. Akiwa ukurasa wa tatu, vile vidole viwili vikateleza kuelekea kulia. Ukurasa ukarudi nyuma. Akashtuka, akateleza tena, ukarudi nyuma zaidi. Jina la mtoto, shule, namba ya usajili, zile sentensi alikuwa amezipanga za kueleza kwa nini anahitaji msaada, zote zikaenda.

Nilimkuta ameifunga laptopu polepole, vile mtu hufunga Biblia. Akaniambia, "Hii mashine si ya watu kama sisi. Mimi sikusoma."

Wale mmenifuata kitambo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na mnajua ni karo, si ati nilikuwa mjanja kama wale wa Marekani wanaacha chuo kuanzisha kampuni. Kwa hivyo nyumbani kwetu neno "sikusoma" si neno la kutupa tu hivi. Fomu tuliimalizia kwa simu yangu saa tano na dakika hamsini, mimi nikiandika, yeye akinisomea. Ilienda. Lakini lile neno lilibaki kwa nyumba, na nilikesha nalo.

Kwa sababu ni uongo. Shida ya Mama haikuwa masomo. Shida ilikuwa setingi mbili.

Ya kwanza ni ya vidole. Tachipadi haipimi nguvu za kugusa, ndio maana kubonyeza kwa hasira hakusaidii. Chini ya ile sahani kuna nyaya nyembamba zenye chaji kidogo ya umeme. Kidole kikikaribia kinaibadilisha ile chaji, na mashine inajua uko wapi. Ngozi laini yenye unyevu kidogo inaibadilisha vizuri. Ngozi kavu yenye sugu inaibadilisha kidogo sana, na mashine inadhani hakuna mtu. Kidole chenye maji nacho kinaichanganya kabisa. Ukiangalia hapo, mikono ambayo tachipadi inaipenda ni mikono ya mtu wa ofisini. Fundi wa magari, mama wa chapati, mkulima wa nyanya kule Isinya, wote wanaanza wakiwa nyuma. Lakini Windows iko na setingi ya hiyo kitu, inaitwa "Touchpad sensitivity", na iko na viwango vinne. Laptopu yangu ilikuwa kiwango cha chini kwa sababu mimi huandika nikiwa nimelalia kiganja juu yake, na sitaki mshale uruke katikati ya sentensi. Kile kilichonifaa mimi ndicho kilichomzima Mama.

Ya pili ni ile ya kurudi nyuma. Kwenye Chrome na Edge, kuteleza vidole viwili kwenda kulia ni sawa na kubonyeza kile kishale cha kurudi. Hakuna aliyemwambia Mama. Hakuna aliyeniambia mimi pia, niligundua kwa kupoteza vitu. Na ujanja ni kwamba hiyo ishara haiko kwenye setingi za tachipadi. Nilipekua setingi za Windows nusu saa nikitafuta pa kuizima, kumbe iko ndani ya kivinjari chenyewe. Kwa Chrome, andika chrome://flags pale juu kwenye anwani, tafuta "Overscroll history navigation", iweke "Disabled", funga Chrome na ufungue tena. Kwa Firefox, andika about:config, tafuta browser.gesture.swipe.left na ile ya right, ufute maneno yaliyo ndani uache wazi. Dakika mbili. Na ikishakutokea kabla hujaizima, usipige kelele, bonyeza Alt na kishale cha kulia mara moja uende mbele tena. Fomu nyingine hukurudishia ulichoandika. Ya Mama haikurudisha.

Sasa hapa ndipo niko na neno. Sisi vijana wa hapa Tuala, Rongai, Kitengela, wengi tuko kwa laptopu za ex-UK. Ni mashine poa, usinielewe vibaya. Yangu ni ThinkPad, imefanya kazi kwa ofisi ya mtu Uingereza miaka kadhaa ndio ikapanda meli. Hadi leo juu ya namba 3 iko na alama ya pauni, na ukitafuta @ pale unapoitarajia unapata alama za kunukuu. Tunanunua, fundi anaweka Windows, tunaanza kazi. Tutabadilisha wallpaper siku ya kwanza, tutabandika stika, tutatafuta kava. Lakini kile kitu mkono unagusa mara elfu kwa siku tunakiacha vile tumekikuta, kama mpangaji anaogopa hata kupigilia msumari kwa ukuta. Halafu mashine ikitusumbua tunajilaumu: mimi si mtu wa kompyuta. Mimi mzito. Mimi sikusoma.

Na kuna kitu kingine cha kizazi chetu. Sisi hatukuanza na kompyuta, tulianza na simu. Kwa simu, kidole kikienda juu, ukurasa unakifuata juu. Mkono wako umezoea hivyo tangu ukiwa mdogo. Halafu unafungua laptopu na kuskroli kunaenda kinyume, na kila siku kwa sekunde moja ubongo wako unakwama. Hii vita ni ya zamani. Apple walipogeuza mwelekeo wa kuskroli kwenye Mac mwaka 2011 ili ufanane na simu, watu wazima walilalamika sana. Windows inakuachia uchague: tafuta "Scrolling direction". Mimi niko upande wa simu. Dada yangu yuko upande ule mwingine kwa sababu alijifunzia kompyuta za shule, zenye mausi. Tuligombana wiki mbili kila mmoja akidhani mwenzake ameharibu laptopu, kabla ya kugundua kila mmoja alikuwa anairudisha vile anapenda.

Basi, kivinjari. Kazi yangu yote iko ndani ya kivinjari, na yenu nyingi pia. Wale wa transkripsheni, wale wa kuweka lebo kwa picha, wale wa kuandikia watu insha (siwataji, mnajijua), wale wa kuuza viatu kwa WhatsApp Web. Wengi hulipwa kwa kipande, si kwa saa. Siku moja nikitafiti video niliamua kuhesabu mara ngapi napeleka mshale juu kabisa ya skrini kufunga kichupo, kubadilisha kichupo au kurudi nyuma. Nilipofika mia niliacha, na hata chai ya saa nne ilikuwa bado. Kila moja ya hizo ni safari ya mshale kutoka chini hadi juu na kurudi, kwa kidole kimoja, kwenye kimraba kidogo. (Chrome ya Kiswahili inaviita vichupo. Mtaani wengine husema tabu, na ukiwa na arobaini zimefunguka jina linafaa.)

Hivi ndivyo nimeseti yangu. Windows 11: Settings, halafu "Bluetooth & devices", halafu "Touchpad", shuka hadi "Advanced gestures". Kwa Windows 10 ni Settings, "Devices", "Touchpad", shuka chini kabisa. Hapo unaambiwa vidole vitatu vifanye nini vikigusa, vikienda juu, chini, kushoto na kulia.

Kugusa kwa vidole vitatu nimeweka "Middle mouse button". Hii peke yake inatosha kukubadilishia maisha, na kama utafanya kitu kimoja tu leo, fanya hiki. Kitufe cha kati cha mausi kikigusa linki, linki inafunguka kwa kichupo kipya na wewe unabaki ulipo. Kikigusa kichupo, kichupo kinafungika, na huhitaji kulenga ile x ndogo. Wenye ThinkPad kama yangu, vile vitufe vitatu juu ya tachipadi si mapambo, cha katikati kinafanya hiyo kazi tayari.

Kushoto na kulia nimerekodi njia za mkato za kibodi. Unachagua "Custom shortcut", unabonyeza kurekodi, unabonyeza Ctrl na Tab, basi. Sasa vidole vitatu kulia vinanipeleka kichupo kinachofuata, na kushoto, ambako nimeweka Ctrl, Shift na Tab, vinanirudisha. Juu nimeweka Ctrl, Shift na T, ambayo inafufua kichupo ulichofunga kwa makosa. Hiyo ndiyo naipenda kuliko zote.

Chini nilikuwa nimeweka Ctrl na W, ya kufunga kichupo. Usifanye hivyo. Nilifanya kiburi siku tatu nikifungafunga vichupo kama konda anafunga milango, hadi nikafunga ukurasa wenye maelezo ya video nzima nikiwa sijahifadhi. Kufufua kichupo kulirudisha ukurasa mtupu. Kitu kinachoharibu kisiwe rahisi kufanya. Sasa chini sijaweka kitu, na naishi vizuri.

Kama hizo setingi hazionekani kwako, usidhani laptopu imekufa. Mara nyingi fundi aliweka Windows na hakuweka draiva ya tachipadi, kwa hivyo Windows inaiona kama mausi wa kawaida tu. Nenda kwa tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, uandike modeli, utafute draiva yake. Usitafute kwa tovuti ya ajabu yenye vitufe vitano vya kijani vya kupakua. Mashine nyingine za zamani kweli hazina ishara za vidole vitatu, na hakuna dawa. Wa Linux, sina haja ya kuwaambia kitu, nyinyi mtaniambia mimi.

Najua tayari kuna mtu anaandika "si ununue mausi, ni mia tano". Buda, niko na mausi. Nikihariri video naitumia. Lakini mausi inataka meza. Nusu ya kazi yangu naifanyia kitandani, stima ikiwa imepotea, laptopu kwa mapaja, au kwa matatu nikitoka Rongai huku barabara inanirusha. Mtu anayeishi bedsita yenye kitanda, jiko na ndoo, meza yake ni mapaja yake.

Kuna mwingine atasema hii ni anasa, kucheza na setingi wakati watu hawana bando. Huyo nitamsimulia kisa cha jamaa anaitwa Wayne Westerman. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na mikono yake ilikuwa inauma kwa kuandika kwenye kibodi kiasi kwamba kazi ilikuwa inamshinda. Akaanza kutafuta njia ya kutumia kompyuta kwa kugusa kwepesi, vidole vingi kwa pamoja, bila kubonyeza. Yeye na John Elias, aliyekuwa mwalimu wake, wakaanzisha kampuni ya FingerWorks mwaka 1998, wakatengeneza sahani za kugusa zenye ishara za vidole viwili, vitatu, vinne. Apple wakainunua kampuni mwaka 2005. Miaka miwili baadaye dunia ikaonyeshwa iPhone. Kwa hivyo hizi ishara unaziona ni mbwembwe, mmoja wa watu waliozipanga alikuwa na mikono inayouma na hakukubali kuambiwa mashine si ya watu kama yeye. Ukiiseti tachipadi ifuate mkono wako, unafanya kilekile alichofanya.

Onyo moja kabla sijasahau. Ukitafuta hizi mambo utaletewa viongezi vya Chrome vinavyoahidi ishara za kila aina. Kabla hujakubali, soma kile kinaomba. Vingi vinaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote unazotembelea. Tovuti zote, maana yake eCitizen, benki, iTax, barua pepe. Ili tu uchore herufi hewani? Kama unataka ishara ndani ya kivinjari chenyewe, Opera na Vivaldi wanazo tayari. Opera walikuwa nazo tangu mwaka 2001, kabla wengi wenu kuzaliwa, kampuni ileile ya Opera Mini tuliyotumia kwa simu za vitufe kubana bando. Unashikilia kitufe cha kulia, unaburuta mshale kushoto, ukurasa unarudi. Hakuna kiongezi.

Sasa nirudi kwa Mama. Setingi zake na zangu haziwezi kukaa pamoja: yeye anataka tachipadi inayosikia kila kitu, mimi nataka iliyo kiziwi kidogo. Kwa bahati nzuri Windows huhifadhi hizi setingi kwa kila mtumiaji kivyake. Nikamfungulia akaunti yake. Nikaweka usikivu kiwango cha juu kabisa. Nikaongeza ukubwa wa mshale na kuupaka rangi ya njano ili asiutafute. Nikazima ile ya kurudi nyuma kwenye Chrome yake. Vidole vitatu juu, kufufua kilichofungwa. Nilimaliza kabla ya sufuria ya maharagwe kuchemka.

Jioni nikamwita. Skrini ikafunguka ikiwa na jina lake katikati, jina lake lote vile liko kwa kitambulisho. Akaliangalia kidogo, hakusema kitu. Akapangusa mkono kwa leso, akagusa mara moja, kwepesi, na ikaitika. Nikamwambia afunge ukurasa makusudi. Alikataa. Nikamsihi, akafunga akiwa ameshika kifua. Nikamwonyesha vidole vitatu juu, ukurasa ukarudi. Akacheka ile mbaya, akafunga tena, akaurudisha tena, kama mtoto na swichi ya taa.

Basari majibu bado. Lakini wiki jana nimeingia nyumbani nikamkuta peke yake, miwani puani, anaangalia bei ya unga kwa tovuti ya duka moja ya jumla, vichupo sita vimefunguka. Hakuinua kichwa.

"Wewe," akaniambia, "na vidole vinne, hivyo vinafanya nini?"